Kobe Mmoja au Kumi? Umbo na Urithi katika Kuainisha Kobe wa Maji

Mvua za masika zinapojaza madimbwi na mabwawa ya kunyweshea mifugo, kobe wa maji hujitokeza mahali ambapo wiki chache tu zilizopita palikuwa na udongo mkavu uliopasuka. Hawakushuka na mvua, kama wadhanivyo baadhi ya watu. Walikuwa wamejifukia ndani ya matope, wakingoja maji yarudi. Mwanafunzi akimwokota mmoja na kumleta darasani, swali la kwanza atakaloulizwa mwalimu ni hili: huyu ni kobe gani? Swali ni fupi, na kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili jibu lake nalo lilidhaniwa kuwa fupi. Leo tunajua kwamba sivyo.

Makala hii inakusudia kueleza njia mbili ambazo wataalamu wa elimu ya viumbe huzitumia kuwatenga wanyama wenye udugu wa karibu: kupima umbo la mwili, na kusoma urithi uliomo ndani ya seli. Tutawatumia kobe wa maji wa Afrika kuwa mfano wetu, kwa sababu wana visa viwili vilivyo kinyume. Katika kisa cha kwanza, jina moja lilificha spishi nyingi. Katika kisa cha pili, spishi iliyoandikwa kwamba imetoweka duniani iligunduliwa kuwa haikuwapo kamwe.

Kobe tunaowazungumzia

Lugha ya Kiswahili humtenga kasa, aishiye baharini, na kobe. Miongoni mwa kobe wamo wa nchi kavu na wamo wa maji baridi. Kobe wa maji wanaotuhusu hapa ni wa jamaa iitwayo Pelomedusidae. Hawa hawarudishi kichwa moja kwa moja ndani ya gamba kama afanyavyo kobe wa nchi kavu, bali hukunja shingo kwa upande na kuficha kichwa chini ya ukingo wa gamba.

Jamaa hii ina jenasi mbili. Ya kwanza ni Pelusios. Gamba lake la tumbo lina bawaba, na sehemu ya mbele ya gamba hilo huweza kuinuka na kufunga mlango mnyama anapotishwa. Ya pili ni Pelomedusa, ambayo gamba lake la tumbo halina bawaba. Kuzitenga jenasi hizi mbili hakuhitaji maabara. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akimgeuza kobe kwa uangalifu na kulitazama gamba la tumbo, atapata jibu. Taabu huanza tunapotaka kujua ni spishi zipi zilizomo ndani ya kila jenasi.

Spishi ni nini?

Mwaka 1942 Ernst Mayr alieleza kwamba spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, na ambao kimaumbile wametengwa kizazi na makundi mengine. Maelezo haya yamo katika vitabu vingi vya shule, nayo ni mazuri. Lakini hebu tuyajaribu. Tuseme kobe mmoja anaishi katika bwawa la Afrika Kusini na mwingine katika bwawa la Senegali. Hawatakutana maisha yao yote. Je, wangekutana wangezaana? Hatujui, na hata wakizaana kizuizini, hilo halitatuambia wangefanya nini kimaumbile.

Kwa hiyo mwainishaji hufanya kazi kama hakimu asiyeshuhudia tendo lenyewe. Hukusanya ushahidi kwamba makundi mawili yametengana kwa muda mrefu kiasi kwamba kila moja limeshika njia yake. Ushahidi huo ni wa namna nyingi, na mashahidi wawili walio wakubwa ni umbo na urithi.

Shahidi wa kwanza: umbo

Umbo ndilo shahidi wa kale zaidi. Mtaalamu hupima urefu wa gamba, upana wake na kimo chake, na upana wa kichwa. Huangalia jinsi vipande vya gamba vinavyogusana, rangi ya gamba la tumbo, mpangilio wa magamba ya kichwani, na idadi ya vindevu vidogo vilivyo chini ya kidevu.

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kulinganisha vipimo vitupu. Tuchukue kobe watatu wa kubuni. Wa kwanza ana gamba lenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 15. Wa pili ana urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 9. Wa tatu ana urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 13. Kwa kutazama urefu peke yake, tungemweka wa kwanza pamoja na wa tatu. Lakini tukigawanya upana kwa urefu, tunapata 0.75 kwa wa kwanza, 0.75 kwa wa pili, na 0.65 kwa wa tatu. Basi wa kwanza na wa pili wana umbo moja ingawa wametofautiana kwa ukubwa. Wa tatu ni mwembamba zaidi.

Hata uwiano nao una mitego yake. Kobe mchanga hana umbo sawa na mzee, kwa maana sehemu za mwili hazikui zote kwa mwendo mmoja. Dume na jike hutofautiana. Katika kobe wengi, kwa mfano, mkia wa dume ni mrefu na mnene zaidi. Chakula, hali ya maji na magonjwa huweza kubadili gamba na rangi yake. Kwa sababu hizi, mtaalamu hupima wanyama wengi, huwatenga kwa jinsia na umri, kisha huuliza: je, tofauti kati ya makundi ni kubwa kuliko tofauti zilizomo ndani ya kila kundi? Kobe mmoja wa ajabu hafanyi spishi.

Shahidi wa pili: urithi

Ndani ya seli za kila kiumbe imo DNA, ambayo ni uzi mrefu wenye maagizo ya kuujenga mwili. Maagizo hayo yameandikwa kwa besi nne: adenini, thimini, sitosini na guanini, ambazo kwa kifupi huandikwa A, T, C na G. Mzazi humpa mtoto nakala ya maandishi hayo. Mara chache sana hutokea kosa katika kunakili, herufi moja ikachukua nafasi ya nyingine. Kosa hilo likirithiwa, huwa alama ya ukoo. Kadiri koo mbili zinavyoishi mbalimbali kwa muda mrefu, ndivyo alama za kuzitofautisha zinavyozidi.

Tuangalie mfano wa kubuni wa kobe wanne, kila mmoja akiwa na herufi 20:

Kobe wa 1: ATGCCTAACG TTACGGATCA
Kobe wa 2: ATGCCTAACG TTACGGATTA
Kobe wa 3: ATACCTGACG TCACGAATCA
Kobe wa 4: ATACCTGACA TCACGAATCA

Mwanafunzi akilinganisha herufi moja moja ataona kwamba wa 1 na wa 2 wametofautiana mahali 1 tu, yaani asilimia 5. Wa 3 na wa 4 nao wametofautiana mahali 1. Lakini wa 1 na wa 3 wametofautiana mahali 4, yaani asilimia 20. Basi tunayo makundi mawili, kila moja likiwa na kobe wawili. Katika kazi halisi herufi zinazosomwa ni mamia au maelfu, lakini mantiki ni hiyo hiyo.

Wataalamu wengi huanza na DNA ya mitokondria, yaani vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nguvu. Seli moja ina mitokondria nyingi, na kwa hiyo nakala za DNA hiyo ni nyingi, jambo linaloifanya ipatikane kwa urahisi hata katika sampuli zilizochakaa. Tangu Kary Mullis alipobuni mwaka 1983 mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara mamilioni, tone la damu au kipande kidogo cha ngozi hutosha.

Kisa cha kwanza: waliojificha chini ya jina moja

Mwaka 1789 Mfaransa Bonnaterre alimpa jina kobe ambaye leo anaitwa Pelomedusa subrufa. Baadaye wataalamu wengine waliwapa majina kobe wa namna hiyo kutoka sehemu nyingine, lakini waliofuata waliona tofauti za umbo ni ndogo mno. Wakayafuta majina hayo. Hivyo kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba jenasi ya Pelomedusa ina spishi moja tu, iliyoenea Afrika kusini ya Sahara, Bukini, na pembe ya kusini-magharibi ya Bara Arabu.

Mwaka 2014 kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali, miongoni mwao Alice Petzold na Uwe Fritz, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa kobe 183 wa jenasi hii. Walisoma herufi zipatazo 1,848 za DNA ya mitokondria, na wakakuta si ukoo mmoja bali koo zisizopungua 12 zilizoachana sana.

Hapa likazuka swali ambalo kila mwainishaji hana budi kulijibu: tofauti ya kiasi gani yatosha kuitwa spishi? Hakuna namba iliyoandikwa mbinguni. Wataalamu hao walitumia kipimo cha busara. Walitazama jenasi ya jirani, Pelusios, ambayo spishi zake zilikuwa zimekwisha kukubaliwa. Tofauti za urithi kati ya koo za Pelomedusa zilikuwa sawa na zile zilizo kati ya spishi za Pelusios, au kubwa zaidi. Kama zile ni spishi, hizi nazo zastahili kuitwa spishi. Zaidi ya hayo, walilinganisha matokeo ya urithi na umbo la kobe, na hata na minyoo inayoishi ndani ya miili yao, kwa kuwa vimelea aghalabu hufuatana na wenyeji wao vizazi na vizazi.

Matokeo yakawa spishi kumi. Jina la Pelomedusa subrufa likabaki kwa ukoo mmoja tu. Majina matatu ya kale yaliyokuwa yamefutwa yakafufuliwa: P. galeata, P. olivacea na P. gehafie. Spishi sita zikapewa majina mapya. Mojawapo ya hizo sita, ipatikanayo Tanzania, iliitwa Pelomedusa kobe, na neno hilo ni hili hili letu la Kiswahili. Nyingine, P. neumanni, hupatikana Kenya na Tanzania. Koo mbili zaidi, za Kameruni na Sudani, ziliachwa kwanza bila majina hadi ushahidi utakapotosha.

Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi ni hili: baadhi ya spishi hizo kumi zina umbo la kuzitambulisha, lakini nyingine haziwezi kutambuliwa ila kwa urithi. Wale waliofuta majina ya kale hawakuwa wazembe. Walimsikiliza shahidi mmoja tu, kwa sababu wa pili alikuwa hajapatikana.

Kisa cha pili: kobe ambaye hakuwapo

Mwaka 1906 Friedrich Siebenrock wa Vienna alieleza namna mpya ya kobe mwenye bawaba kutoka visiwa vya Shelisheli. Alitegemea vielelezo vitatu vilivyosemekana kuwa vilikusanywa na August Brauer mwaka 1895 katika kisiwa cha Mahé. Baadaye kobe huyo alihesabiwa kuwa spishi kamili, Pelusios seychellensis. Watu walimtafuta Mahé kwa bidii wasimwone. Mwishowe Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) ulimwandika kuwa ametoweka, akawa ndiye spishi pekee ya kobe wa maji baridi iliyohesabiwa kuwa imetoweka. Walimu wakamtaja kama mfano wa madhara ya binadamu kwa visiwa.

Lakini makumbusho hayatupi vitu vyake. Mwaka 1984 wataalamu walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba DNA huweza kupatikana katika ngozi kuukuu, walipoisoma ile ya kwaga, punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka katika karne ya 19. Kwa njia ya namna hiyo, Heiko Stuckas, Richard Gemel na Uwe Fritz walichukua sampuli kutoka katika kielelezo cha msingi cha kobe wa Shelisheli, yaani yule yule mnyama ambaye jina limefungwa kwake, wakasoma jeni tatu za mitokondria. Kisha wakazilinganisha na za spishi nyingine zote za Pelusios.

Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2013, yalikuwa ya kushangaza. Kobe huyo alikuwa Pelusios castaneus, spishi ya kawaida iliyoenea Afrika Magharibi, upande wa pili wa bara. Jina la P. seychellensis likaondolewa katika orodha ya viumbe waliotoweka na katika orodha ya wanyama wa Shelisheli.

Msomaji asiharakishe kusema kwamba umbo lilidanganya. Kobe wa Shelisheli alikuwa akifanana sana na P. castaneus tangu mwanzo. Umbo lilisema kweli. Lililopotosha ni taarifa juu ya asili yake: watu waliamini kwamba kobe aliyetoka kisiwani, mbali na Afrika Magharibi, hawezi kuwa yule yule. Urithi haukumpinga shahidi wa kwanza, bali ulimthibitisha.

Mwaka huo huo wa 2013 uchunguzi mwingine uliwahusu Pelusios castanoides na Pelusios subniger, ambao wapo Afrika bara, Bukini na Shelisheli. Tofauti zao za urithi zilionekana kuwa ndogo, na zilipatikana dalili za kobe kuvushwa bahari na binadamu. Tukikumbuka vyombo vilivyosafiri katika Bahari ya Hindi karne nyingi, jambo hilo halina ajabu. Kobe huishi muda mrefu bila chakula, na ni rahisi kumbeba.

Hadhari kwa shahidi wa pili

Baada ya visa hivi, mwanafunzi huweza kudhani kwamba urithi ni hakimu wa mwisho. La, nao una udhaifu wake. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo hueleza historia ya upande mmoja tu. Jike wa spishi moja akizaa na dume wa spishi nyingine, watoto watabeba mitokondria za mama, na msomaji wa mitokondria peke yake hatamwona baba. Hili si jambo la kufikirika tu. Katika pwani ya Bahia, nchini Brazili, kasa ng'amba na kasa wa spishi ya Caretta caretta wamethibitishwa kuzaana, ingawa ni wa jenasi mbili mbalimbali. Kwa sababu hiyo mtaalamu mwangalifu husoma pia DNA ya kiini cha seli, inayotoka kwa wazazi wote wawili.

Pia sampuli huweza kuchafuliwa na DNA ya mnyama mwingine, au hata ya mtafiti mwenyewe. Na ikiwa sampuli zimetoka ncha mbili tu za nchi, tofauti itaonekana kama ukuta, hali kumbe katikati yake iko ngazi ya mabadiliko madogo madogo. Njia iliyo salama ni kuuliza kama mashahidi wanakubaliana. Wakitofautiana, tusimpigie kura ampendezaye mtu, bali turudi uwandani kutafuta sababu.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mabishano ya majina. Tukumbuke kwamba sheria za uhifadhi huandikwa kwa majina. Spishi moja iliyoenea bara zima haimtii mtu wasiwasi: ikipungua huku, ipo kule. Lakini ikiwa ni spishi kumi, kila moja ina eneo lake, na ile yenye eneo dogo huweza kwisha bila mtu kutambua kwamba ilikuwapo. Vile vile, kobe walionyang'anywa wafanyabiashara wakirudishwa katika bwawa lisilo lao, tunaweza kuchanganya koo zilizoishi mbalimbali tangu zamani. Kwa upande mwingine, kumlilia kobe ambaye hakuwapo ni kupoteza nguvu zilizohitajiwa na aliye hai. Jina likikosewa, uhifadhi nao hukosea.

Basi yule kobe aliyeletwa darasani na asichekwe, wala mwalimu asione haya kusema: "Jenasi yake naijua, spishi yake yahitaji uchunguzi." Hilo ndilo jibu la kisayansi. Mpimeni, andikeni mahali alipookotwa na tarehe, naweni mikono vizuri, kisha mrudisheni katika bwawa lile lile alilotoka. Kisa cha Mahé kinatufundisha kwamba mahali palipoandikwa vibaya huweza kuwapotosha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Maswali ya zoezi

1. Rudia mfano wa herufi 20. Ni kobe gani wawili waliotofautiana zaidi, na kwa asilimia ngapi?

2. Kobe ana gamba lenye urefu wa sentimita 16 na upana wa sentimita 12. Kwa umbo, anafanana na yupi kati ya kobe watatu wa mfano wetu? Kwa nini jibu hilo halitoshi kusema kwamba ni wa spishi moja?

3. Eleza kwa nini DNA ya mitokondria peke yake haiwezi kumtambulisha kobe chotara.

4. Katika kisa cha Pelomedusa, kwa nini wataalamu walitumia Pelusios kuwa kipimo, wala hawakutumia wanyama wa mbali kama mamba au ndege?

5. Jadilianeni darasani: ni lipi lenye hatari zaidi kwa uhifadhi, kuziita spishi nyingi kwa jina moja, au kuigawa spishi moja katika majina mengi?

Majibu ya maswali ya hesabu: (1) Wa 2 na wa 4, mahali 6, yaani asilimia 30. (2) Uwiano ni 0.75, sawa na wa kwanza na wa pili.